Mwongozo kamili: Jinsi ya kuchagua amplifaya ya hali ya juu ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Malalamiko ni yale yale. "Nimenunua amplifaya ya mamilioni, mbona muziki umekauka?" Mwingine: "Nikipandisha voliumu kidogo inajizima." Ukimdodosa mhusika, unakuta aliiona amplifaya kwanza, akaipenda, akalipa, ndipo akaanza kuitafutia spika, chumba na umeme wa kuitosha. Mpangilio huo ndio unaoharibu kazi. Amplifaya huchaguliwa mwishoni, baada ya vitu vingine vitatu kujulikana.

Mwongozo huu unahusu amplifaya ya stirio ya nyumbani, ile yenye kila kitu ndani ya boksi moja: kuchagua chanzo, voliumu, na nguvu ya kusukuma spika mbili. Hauhusu mfumo wa sinema wala vyombo vya kanisani au ukumbini. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Amplifaya yenyewe inaingia hatua ya nne, usiirukie.

## Andaa hivi kwanza

- Spika zako, au jina kamili la spika unazokusudia kununua pamoja na maelezo ya kiwanda.
- Futi kamba.
- Kipima volti cha kuchomeka kwenye soketi.
- Multimeta inayosoma milivolti za DC.
- Simu yenye programu ya kupima desibeli.
- Nyimbo tano au sita unazozijua vizuri, kwenye CD au faili la FLAC (lisilopoteza sehemu ya sauti). Wimbo uliotumiwa kwa WhatsApp haufai, umeshabanwa na kupoteza vitu ambavyo unakwenda kuvitafuta.
- Daftari na kalamu.

Kuhusu fedha, msimamo wangu ni huu: nusu ya bajeti iende kwenye spika, theluthi moja kwenye amplifaya, na kinachobaki kiende kwenye kinga ya umeme, waya na matengenezo ya chumba. Spika ndizo zinazobadilisha sauti kuliko kifaa kingine chochote. Ukiweka spika dhaifu kwenye amplifaya ya kifahari, utasikia udhaifu wa spika kwa usafi zaidi.

## Hatua ya 1: Ujue umeme wa nyumba yako

Umeme wetu kwa jina ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde (50 Hz). Kwenye soketi ya sebuleni mambo huwa tofauti, hasa ukiwa mwisho wa laini, mbali na transfoma ya mtaa.

Chomeka kipima volti, kisha andika namba mara tatu kwa siku: asubuhi mapema, mchana, na kati ya saa 1 na saa 3 usiku watu wanapopika na kuwasha kila kitu. Fanya hivyo kwa wiki nzima.

Onyo: soketi zetu za matundu matatu zina vifuniko vya ndani. Usivilazimishe kwa kijiti ili upitishe ncha za multimeta. Kama huna kipima cha kuchomeka, mwite fundi umeme, na umwombe apime athi siku hiyo hiyo.

Sababu ya kupima ni kwamba amplifaya nyingi za kawaida zina transfoma nzito isiyorekebisha volti. Umeme ukishuka, nguvu inashuka kwa kasi zaidi ya volti zenyewe. Ukipata volti 190 badala ya 230, amplifaya ya wati 100 inabakiwa na takriban wati 68. Muziki utakauka saa 2 usiku, na asubuhi utakuwa mzuri. Watu wameuza amplifaya nzima kwa tatizo hili.

Kama namba zako zinacheza kati ya 215 na 245, huhitaji stabilaiza. Gadi ya umeme inayochelewesha umeme kurudi baada ya kukatika inatosha. Zikishuka chini ya 205 mara kwa mara, au kupita 250, weka stabilaiza ya aina ya sevo yenye uwezo wa mara mbili au tatu ya matumizi ya juu ya amplifaya. Zile za rilei hurusha volti kwa ngazi, na utasikia "tak, tak" katikati ya wimbo.

Anayetegemea invata au sola ahakikishe inatoa wimbi safi la sine. Invata za bei rahisi zinazotoa wimbi la ngazi hufanya transfoma ivume na kupata joto.

Halafu kuna radi. Mvua za huku kwetu huanza karibu na Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na ngurumo zake zinajulikana. Hakuna stabilaiza inayozuia radi iliyopiga karibu. Chomoa plagi ya umeme, chomoa pia waya wa antena, wa dishi na wa intaneti ulioingia kwenye amplifaya. Wengi huchomoa umeme wakasahau dishi, na radi hupita humo humo.

Umefaulu hatua hii ukiwa na ukurasa wa namba, na unajua kama unahitaji gadi peke yake au stabilaiza.

## Hatua ya 2: Pima chumba

Andika urefu, upana na kimo. Kisha pima umbali kutoka unapokaa hadi kila spika. Umbali huu utautumia hatua inayofuata.

Sebule nyingi za Mbeya na Iringa zina sakafu ya saruji au vigae, kuta za tofali zilizopigwa plasta, na madirisha makubwa. Sauti inagonga na kurudi. Piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio mkali unaofuatia, muziki wako utachoma masikio hata kwa amplifaya bora kuliko zote. Zulia zito kati yako na spika, mapazia mazito, na rafu ya vitabu ukuta wa nyuma vitaleta mabadiliko makubwa.

Kwa wa Tukuyu na Rungwe kuna jambo la ziada. Eneo lile hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba ya bati isiyo na dari hufunika muziki wowote mvua ikikolea. Usijaribu kuishinda mvua kwa wati. Weka dari kwanza.

## Hatua ya 3: Fanya hesabu ya spika

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa tu.

Nyuma ya spika, au kwenye karatasi yake, tafuta namba mbili. Ya kwanza ni unyeti, unaoandikwa kwa dB: sauti inayotoka ukiipa wati moja na kukaa mita moja. Ya pili ni omu, yaani ukinzani ambao amplifaya itaukuta.

Sasa fuata hivi:

1. Chukua unyeti wa spika.
2. Toa 6 kama unakaa mita tatu, au toa 4 kama unakaa mita mbili. Ni makadirio ya sebule ya kawaida. Nje, pasipo kuta, sauti hupotea zaidi.
3. Ongeza 3 kwa sababu spika ni mbili.
4. Toa jibu kutoka 100. Desibeli 100 ndicho kilele cha muziki mtu anapousikiliza kwa nguvu ya kuridhisha. Wastani utakuwa kama 80 hadi 85, lakini ngoma na tarumbeta hupaa juu ya wastani huo kwa kitambo kifupi.
5. Kila 3 zilizobaki ni kuzidisha wati mara mbili, ukianzia wati 1.

Chukua KEF LS50 Meta, spika ndogo yenye unyeti wa 85. Kwa mita tatu: 85 toa 6, ongeza 3, unapata 82. Kufika 100 unahitaji 18, yaani kuzidisha mara mbili mara sita: 2, 4, 8, 16, 32, 64. Unahitaji wati 64 halisi, na ukitaka nafasi ya kupumua, 80 hadi 100.

Sasa chukua Klipsch Heresy IV, ambayo kiwanda kinaiandikia 99. Kwa umbali ule ule unapata 96, na zilizobaki ni 4 tu: kama wati mbili na nusu. Namba za unyeti za viwandani mara nyingi huwa na ukarimu, kwa hiyo punguza 4 kwa tahadhari. Hata hivyo unahitaji wati zisizofika 7.

Spika mbili katika chumba kile kile, moja inadai nguvu mara kumi ya nyingine. Ndiyo maana swali la "wati ngapi zinatosha" halina jibu mpaka spika ijulikane.

Omu nazo zisome kwa uangalifu. Spika iliyoandikwa 8 inaweza kushuka sana kwenye baadhi ya sauti. Hiyo LS50 Meta imeandikwa 8, na kiwanda chenyewe kinakiri kwamba hushuka hadi 3.5. Omu zikishuka, amplifaya hudaiwa mkondo mkubwa zaidi. Amplifaya isiyoweza kuutoa hupata joto, hukata vilele vya mawimbi, au hujizima. Huko kukata vilele ndiko kunakounguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, hata kwa amplifaya ya wati ndogo.

Umefaulu ukiwa na mstari mmoja daftarini, kwa mfano: "Nahitaji wati 80 kwa omu 8, na iweze kushuka hadi omu 4 bila shida."

## Hatua ya 4: Soma karatasi ya amplifaya bila kudanganywa

Namba ya wati haina maana bila masharti yake. Tafuta maandishi yanayosema: RMS au wati endelevu, chaneli zote mbili kwa pamoja, omu 8, 20 Hz hadi 20 kHz, pamoja na kiwango cha uchafu wa sauti (THD) kilicho chini ya asilimia 0.1. Hiyo ni namba ya kuaminika.

Ukiona PMPO, yaani wati za kilele cha kufumba na kufumbua zilizotiwa chumvi, funga karatasi. Ukiona wati zilizopimwa kwa 1 kHz peke yake, omu 4 na THD ya asilimia 10, kata angalau nusu.

Kisha linganisha wati za omu 8 na za omu 4. Amplifaya yenye ugavi imara wa umeme ndani huelekea kuongeza nguvu mara mbili omu zikipungua kwa nusu. Accuphase E-650 huandikwa 30 kwa omu 8, 60 kwa omu 4 na 120 kwa omu 2. Marantz PM6007, ambayo ni ya daraja la chini zaidi, huandikwa 45 kisha 60. Zote ni amplifaya za heshima, ila ya kwanza imejengwa kwa spika ngumu kusukuma na ya pili inataka spika rahisi kusukuma. Ona pia kwamba ile ghali ndiyo yenye wati chache kwa omu 8. Aliyenunua kwa kuangalia wati angeipita.

Angalia masharti ya namba ya pili pia. Denon PMA-1700NE huandikwa 70 na 140, lakini ile 140 imepimwa kwa 1 kHz na kwa THD iliyolegezwa. Si udanganyifu, masharti yako wazi. Ni wewe unayepaswa kuyasoma.

Namba moja usiihangaikie: kipimo cha amplifaya kuimudu koni ya spika (damping factor), ambacho wauzaji hukitaja kwa maelfu. Waya wa shaba wa 2.5 mm² wenye urefu wa mita tano una ukinzani wa karibu omu 0.07, kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 8, waya huo peke yake unakirudisha kipimo hicho kwenye 115 hivi, hata kama amplifaya iliandikwa 4,000. Nunua waya mzito wa shaba halisi uendelee na safari. Kwangua kidogo kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, uache.

## Hatua ya 5: Chagua daraja, A, AB au D

Daraja hapa ni namna amplifaya inavyotumia umeme kusukuma spika, si kiwango cha ubora. Daraja A hubaki na mkondo mkubwa muda wote, hata muziki ukiwa kimya. Sauti yake hupendwa sana, na joto lake ni kubwa. Daraja AB ndilo la kawaida. Daraja D ni jepesi, halipotezi umeme mwingi, na miundo ya sasa ni mizuri kweli.

Huku kwetu amua kwa LUKU na kwa fundi. Amplifaya ya daraja A inayokula wati 150 ikiwa imetulia, ukiiwasha saa nne kila siku, itakula uniti 18 kwa mwezi. Ya AB inayokula 50 itatumia 6. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hizo 18 zinaweza kukutoa humo, na bei ya kila uniti ikapanda. Anayeishi Njombe au Makete anaweza kulipenda joto hilo mwezi wa Juni na Julai. Ni sababu halali kabisa, mradi ameipigia hesabu.

Upande wa fundi: AB yenye transista za kawaida hutengenezeka hapa hapa, kwa fundi makini wa Mwanjelwa au Miomboni. Daraja D mara nyingi ni moduli, na ikiungua unabadilisha nzima kwa kuagiza. Mimi ningemshauri mtu wa Nyanda za Juu anayenunua kwa mara ya kwanza achukue AB. Anayeishi kwa sola namwelekeza kwenye D bila kusita.

## Hatua ya 6: Hesabu matundu

Hii ni fupi. Andika vyanzo vyako vyote: CD, simu, televisheni, santuri. Televisheni inahitaji tundu la optiki au HDMI ARC. Santuri inahitaji ingizo lake maalumu, na ujue kama sindano yako ni MM (ya sumaku inayocheza) au MC (ya koili inayocheza), maana si kila ingizo hupokea zote mbili. Sabufa inahitaji tundu lake la kutokea. Usilipie kibadilishi cha dijitali cha ndani kama tayari unacho cha nje kizuri.

## Hatua ya 7: Isikilize, kwa masharti yako

Beba spika zako kama zinabebeka. Kama hazibebeki, omba usikilize kwa spika yenye unyeti na omu zinazokaribiana na zako.

Unapolinganisha amplifaya mbili, sawazisha sauti kwa programu ya desibeli kwenye simu, simu ikiwa mahali pale pale, tofauti isizidi desibeli moja. Sikio la binadamu huona yenye sauti kubwa kidogo kuwa ndiyo bora, na muuzaji mzoefu analijua hilo. Zima bezi, trebo na laudnesi kwenye zote.

Kisha fuata hivi:

- Ukimya. Bila muziki, sogeza sikio karibu na twita. Mvumo au mluzi unaosikika ukiwa umekaa kwenye kiti haukubaliki.
- Sauti ndogo. Punguza hadi kama mazungumzo ya usiku watoto wamelala. Mwimbaji abaki katikati. Akielea upande mmoja, voliumu haina mizani.
- Kilele. Pandisha hadi kiwango chako cha juu. Ngoma na besi zibaki na umbo, sauti ya mwimbaji isichome.
- Joto. Icheze kwa saa nzima. Ipate uvuguvugu au joto, lakini pasiwe na harufu, na isijizime.

Usipime nguvu kwa mahali voliumu ilipofika. Amplifaya nyingine hufika nguvu yake yote kabla ya nusu ya mzunguko, nyingine mwishoni.

## Hatua ya 8: Kama imetumika

Amplifaya nyingi nzuri hutufikia zikiwa zimeshatumika nje ya nchi, na bei huvutia. Geuza uangalie bamba la nyuma kabla ya kuwasha chochote.

Ikiandikwa AC 100V, ilitengenezwa kwa soko la Japani. Ikiandikwa 120V 60Hz, ni ya Marekani. Ukiichomeka kwenye 230, itaungua papo hapo. Utahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo mara mbili ya matumizi ya amplifaya. Ile ya Marekani iliyoandikwa 60Hz peke yake ina tatizo jingine: kwenye mizunguko yetu 50 transfoma yake ya ndani hupata joto zaidi, na kushusha volti hakuponyi hilo. Iache.

Kisha toa multimeta. Chomoa spika na vyanzo vyote, voliumu sifuri, washa, subiri dakika kumi. Weka multimeta kwenye milivolti za DC, gusa tundu la chanya na la hasi la spika ya kushoto, kisha ya kulia. Chini ya 20 ni vizuri sana. Hadi 50 inakubalika. Ikipita 100, kuna hitilafu, na spika zako ndizo zitakazolipa.

Onyo: usipime kutoka tundu la spika kwenda kwenye bodi (kasha la chuma) au athi, na usiunganishe hasi za spika mbili pamoja. Baadhi ya amplifaya, hasa za daraja D, zina volti kwenye tundu la hasi, na kugusanisha huko huziua.

Zungusha voliumu taratibu muziki ukicheza. Mkwaruzo kidogo husafishika. Upande unaopotea na kurudi unahitaji fundi, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

## Hatua ya 9: Safari na siku ya kwanza

Amplifaya za daraja hili ni nzito. Yamaha A-S3200, kwa mfano, inakaribia kilo 25, na transfoma inachangia sana uzito huo. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, ikiwemo Kitonga. Isafirishe kwenye boksi lake na povu zake, ikikaa wima kama ilivyochorwa. Isiwekwe chini ya magunia kwenye buti la basi. Kama unaweza, safiri nayo. Dai risiti ya EFD na dhamana yenye namba ya kifaa, na uilinganishe namba hiyo na ya bamba la nyuma ukiwa bado dukani.

Basi likifika alfajiri ya baridi, usiiwashe ukifika nyumbani. Chuma baridi kikiingia sebule yenye joto hushika unyevu ndani, mahali usipopaona. Ifungue, iache hadi kesho yake.

Iweke kwenye rafu iliyo wazi, nafasi ya sentimita 10 au zaidi juu na pembeni. Kabati la vioo halifai, hata Makambako ambako usiku watu wanajifunika mablanketi mawili, kwa sababu joto la ndani ya kabati halina uhusiano na baridi ya nje. Kitambaa cha kuzuia vumbi la kiangazi kiifunike ikiwa imezimwa na imepoa tu.

Unganisha spika ikiwa imezimwa, hakikisha hakuna uzi wa shaba unaogusa tundu la jirani, anza na voliumu sifuri. Baada ya wiki ya kwanza, rudia kipimo cha milivolti na ukiandike daftarini pamoja na tarehe. Siku utakapohisi sauti imebadilika, utakuwa na namba ya kumwonyesha fundi.